Mimi Nani?

Bibi yangu hakumfungulia mlango mtu aliyejibu "Mimi." Usiku, hasa usiku wa stima kupotea, hodi ilipopigwa aliuliza "Nani?" na aliyeko nje, kama tufanyavyo sote, akajibu "Mimi." Bibi hakunyanyuka mkekani. "Mimi nani? Mimi ni jina la kila mtu." Basi mtu ataje jina lake, na la babake, na akibanwa zaidi ataje na mtaa. Sisi wajukuu tulicheka, maana mara nyingi sauti tuliitambua: ni mjomba, au jirani aliyekuja kuomba kibiriti. Kwa bibi hilo halikutosha. Sauti huazimwa, alisema. Uso hauazimwi.

Nimemkumbuka sana mwaka huu, na aliyenikumbusha ni mtu wa eksirei. Nilikuwa na kikohozi kisichokwisha, nikatumwa kupiga picha ya kifua. Vua shati, vua mkufu, bandika kifua hapa, vuta pumzi, shika hapo hapo, haya achia. Baadaye daktari aliichomeka ile filamu kwenye kisanduku cha taa, akaitazama kwa muda, kisha akaweka ncha ya kalamu juu ya pafu la kulia. Palikuwa na kidoa cheupe, ukubwa wa punje ya choroko. "Hiki kinajionyesha hapa tu," alisema. Damu safi, makohozi safi, mgongo ukigongwa hausemi lolote. Hakuwa na kitu cha kukiunganisha nacho. "Rudi baada ya miezi mitatu tupige nyingine. Tuone kama kimebadilika."

Miezi mitatu ni mirefu kwa mwenye choroko kifuani. Wengine husali, wengine husoma. Mimi nilifanya yote mawili, na katika kusoma nikaangukia habari iliyonikalia kichwani: kwamba mbingu nayo imejaa vidoa vya namna hiyo. Huko juu kuna vitu vinavyotoa eksirei kwa wingi, vinapiga hodi usiku na mchana, lakini ukielekeza darubini ya kawaida pale hodi inapotoka, huoni kitu. Giza. Au, na hili ndilo linalosumbua zaidi, unaona nyota hamsini, na kila moja ni kama inajibu "Mimi."

Jina lenyewe lilianza kama swali. Wilhelm Röntgen, Mjerumani aliyeigundua miale hii mwaka 1895, aliipa herufi X kwa sababu hakujua ni kitu gani, kama mwanafunzi anavyoandika X mahali pa namba asiyoijua bado. Sisi tumeimeza ile herufi ndani ya neno "eksirei", tukaizoea, na swali likazama humo humo. Leo mtu husema "napiga eksirei" kama asemavyo "nanyoa nywele."

Angani swali halijazama. Kwanza, kwa sababu kutoka hapa chini hatuwezi hata kulisikia. Hewa iliyo juu ya vichwa vyetu ina uzito sawa na maji ya kina cha mita 10, kama pima tano na ushei, na eksirei za nyota hazivuki kina hicho. Nuru hupita, mawimbi ya redio hupita, eksirei hufia juu. Kwa eksirei za angani sisi ni samaki wa chini: hatujui kama kuna mvua. Ili uijue, sharti utoe kichwa nje ya maji, na kichwa chenyewe ni roketi.

Kilichotolewa nje ya maji usiku wa tarehe 18 Juni 1962, huko White Sands katika jimbo la New Mexico, kilikuwa roketi ndogo ya aina ya Aerobee. Ilibeba vihesabio vya Geiger, na ilikaa juu ya kilomita 80 kwa sekunde 350 tu, yaani hata dakika sita hazikutimia. Riccardo Giacconi, Mwitaliano aliyekuwa amehamia Marekani, na wenzake walitaka kuona kama mwezi unaakisi eksirei za jua. Mwezi haukusema kitu. Badala yake vihesabio vilipiga kelele kwa upande mwingine kabisa, upande wa kundinyota la Nge. Ndiyo, Nge yule yule wa ukurasa wa gazeti unaotabiri kama wiki hii utapata fedha au mchumba. Chanzo kile kikapewa jina la Scorpius X-1, na kila mwelekeo uliobaki ulionekana kung'aa kidogo, kama ukungu usio na mwenyewe.

Hakuna aliyetarajia hodi ya nguvu vile. Jua letu hutoa eksirei, lakini ni kama sehemu moja kwa milioni ya nuru yake. Kitu cha Nge, ilikuja kujulikana, ni kinyume: eksirei zake zinaizidi nuru yake inayoonekana mara elfu. Ni kama mtu ambaye kivuli chake kina uzito kuliko mwili. Basi ni nani?

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na ni kazi ninayoielewa kwa sababu nimekulia mtaa usio na namba za nyumba. Ukija kwetu utaambiwa: pita msikiti, kata kwa muuza mbaazi, ulizia kwa Mama Fulani. Ukikosea kona moja, mtaa mzima utakukana. Vile vihesabio vya mwanzo vilijua kwamba hodi inatoka upande ule, lakini "upande ule" ulikuwa kipande cha mbingu chenye maelfu ya nyota. Wanafalaki huchora mstari kuzunguka eneo ambamo chanzo lazima kiwemo, na mimi hukiita kisanduku cha shaka. Kutambua chanzo maana yake ni kukifinya kisanduku hicho mpaka kibaki na mlango mmoja.

Mbinu moja ya kukifinya naipenda kuliko zote, kwa sababu chombo chake kilikuwa mwezi. Tarehe 7 Julai 1964 mwezi ulikuwa upite mbele ya wingu la Kaa, mabaki ya nyota ambayo mlipuko wake uliandikwa na Wachina mwaka 1054. Eksirei zilikuwa zimeshahisiwa upande huo. Herbert Friedman na kundi lake la maabara ya jeshi la majini la Marekani walilazimika kuirusha roketi yao ikawe juu katika dakika zile zile ambazo mwezi ulikuwa ukilifunika wingu. Ikichelewa, wangojee miaka. Hesabu yao ilikuwa nyepesi. Kama hodi inatoka kwenye nukta moja, mwezi ukiifika itakatika papo hapo, kama stima. Kama inatoka kwenye wingu zima, itafifia taratibu. Ilififia kama mtu anayeteremsha utambi wa kandili. Kwa hiyo ilikuwa ya wingu, na la upana wa mwaka wa nuru hivi. Nukta iliyo katikati ya wingu, ile nyota iliyokufa inayolilisha, ilikuja kupatikana baadaye kwa njia nyingine.

Nge hakufunikwa na mwezi. Kwake Minoru Oda, Mjapani, alibuni chujio la nyavu mbili za nyaya zilizopangwa sambamba, moja nyuma ya nyingine. Roketi inapozunguka, chanzo huonekana na kupotea, huonekana na kupotea, kama mtu anayepita nyuma ya pazia la vijiti, na kwa kupima vipindi hivyo unaweza kujua amesimama wapi. Oda aliliita kwa jina la pazia la mianzi la kwao, sudare. Mwaka 1966 pazia hilo lilikifinya kisanduku cha Nge mpaka wanafalaki wa Tokyo, na baada yao wa Palomar huko California, wakapata kuona: nyota ya buluu, hafifu mara mia sita kuliko nyota hafifu kabisa ambayo jicho tupu laweza kuiona. Ilikuwa imo kwenye picha za zamani siku zote. Ilikuwa imesimama kwenye foleni na wenzake, haijaulizwa.

Katika ile miezi mitatu nilipanda matatu Malindi nikaenda Ngomeni. Ni mwendo wa kupita Gongoni, penye mashamba ya chumvi yanayoumiza macho kwa weupe. Maji yalikuwa yamekupwa. Nje ya rasi, miguu ya chuma ya jukwaa la San Marco ilikuwa imesimama baharini kama meza ya karamu iliyosahauliwa baada ya wageni kuondoka. Mzee mmoja alikuwa akishona jarife chini ya mkoko. Nilimwamkia, tukaongea habari za samaki, kisha nikamwuliza habari za kile chuma.

"Hapo wakirusha vitu, Wataliano na Wamarekani," alisema. "Vikienda kutazama nyota."

"Naam, mzee."

Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Na vilirudi?"

Kimojawapo kiliitwa Uhuru. Kilirushwa kutoka pale tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, na Marjorie Townsend, mwanamke Mmarekani aliyekuwa msimamizi wa mradi, ndiye aliyekipa jina hilo kuwashukuru wenyeji. Pwani yetu haikuchaguliwa kwa ajili ya nazi. Ngomeni iko karibu nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta. Ukirusha kuelekea mashariki hapo, dunia yenyewe inakusukuma kwa mzunguko wake, hata roketi ndogo inatosha; na setilaiti ikizunguka juu ya ikweta hupishana na eneo la Atlantiki ya Kusini ambako chembe zenye nguvu huvijaza vihesabio makelele. Kwa kusikiliza hodi za mbali, unataka nyumba iliyo kimya.

Uhuru ilikuwa ya kwanza iliyojengwa kwa ajili ya eksirei za mbingu peke yake. Uzito wake ulikuwa kama gunia moja la mahindi na nusu ya la pili hivi. Ilijizungusha polepole, mara moja kwa dakika kumi na mbili, ikifagia anga kama mtu anayepitisha tochi ukutani. Roketi zilikuwa zikipewa dakika tano. Uhuru ilipewa zaidi ya miaka miwili. Orodha yake ya nne, iliyochapishwa mwaka 1978, ina vyanzo 339, na hadi leo vingi vinaitwa kwa namba zinazoanza na 4U. Hiyo U ni yetu. Mwanafalaki wa Chile au Korea anayeandika 4U anaandika herufi ya neno la Kiswahili, pengine bila kujua, na mimi kila nikiiona kwenye makala hujikuta natabasamu peke yangu kama mtu aliyeona gari la kwao ugenini. Nilimjibu mzee: hakikurudi. Kiliungua kikishuka hewani mwaka 1979. Akatikisa kichwa, kwa adabu tu nadhani, kisha akaendelea na jarife.

Jambo ambalo Uhuru ilionyesha, na ambalo limenifanya nimtetee bibi kuliko nilivyowahi, ni kwamba vyanzo hivi mara nyingi si kimoja. Centaurus X-3 ilionekana kupiga mapigo kila sekunde 4.8, kama mshipa wa mkono. Lakini mapigo hayo yalikuwa yakikaribiana na kuachana kwa mpango, na kila baada ya siku mbili na kitu yakakatika kabisa kwa saa kadhaa. Kitu kilikuwa kikipita mbele yake. Giacconi na wenzake wakajua pale, bila kuona nuru hata chembe, kwamba anayepiga ni nyota ndogo sana iliyofinyana, na kwamba anazunguka na mwenza mkubwa sana, kwa kipindi hiki, kwa mwendo huu. Mwenza alikuwa amepimwa kabla ya kuonekana. Nyota yenyewe ilipatikana miaka kadhaa baadaye na Wojciech Krzemiński, na leo inabeba jina lake. Ni kama kumjua mke wa mtu kwa namna mume anavyochelewa kurudi nyumbani.

Cygnus X-1 ni hadithi maarufu na imesimuliwa mno, kwa hiyo nitaipita mbio. Mwaka 1971 eksirei zake zilibadilika tabia, na wakati huo huo mawimbi ya redio yakaanza kusikika ndani ya kisanduku chake. Redio ina anwani nzuri kuliko eksirei. Ikawaelekeza watu kwenye nyota kubwa ya buluu, HDE 226868. Louise Webster na Paul Murdin kule Uingereza, na Tom Bolton kule Kanada, wakaona nyota hiyo ikiyumba huku na huku kila siku 5.6, ikivutwa na kitu kizito kisichotoa nuru. Leo kitu hicho kinakadiriwa kuwa na uzito wa majua 21. Ni shimo jeusi, la kwanza watu kulikubali.

Ninachotaka kukisema hapa si shimo. Ni ile nyota ya buluu. Vitabu vinasema Cygnus X-1 "imetambuliwa kuwa" HDE 226868, lakini nyota hiyo haipigi hodi. Haiwezi kutoa eksirei za kiasi hicho. Inayopiga ni gesi yake inayoangukia kwa jirani asiyeonekana, ikisuguana na kuchemka njiani. Tulipouliza "Nani?", aliyejitokeza dirishani alikuwa mke, na kwa sura ya mke, kwa jinsi anavyovutwa mkono gizani, tukamjua mume.

Kuna wakati nilimkasirikia mwanadamu kwa upendeleo huu wa nuru. Kwa nini uso uwe lazima wa rangi zinazoingia kwenye macho yetu? Kama tungezaliwa na macho ya eksirei, tungesema HDE 226868 ndiyo isiyo na mwenza, tungeihangaikia kwa miongo. Lakini hasira hiyo haikudumu. Nuru ikipasuliwa rangi zake inakuambia joto la kitu, kimeumbwa kwa nini, kinakuja au kinakwenda, na mara nyingine kiko mbali kiasi gani. Eksirei peke yake hukuambia kwamba kuna mtu nje na ana nguvu. Haikuambii kama amesimama kizingitini au anaita kutoka ng'ambo ya mto. Taa hafifu iliyo karibu na moto mkubwa ulio mbali hutoa hodi sawa. Bibi alipodai jina la baba na mtaa, alikuwa anadai umbali.

Vingine vilikataa kwa muda mrefu. 4U 0142+61, chanzo kilichomo katika orodha ya Uhuru, kina mapigo ya sekunde 8.7. Hakikuonekana kwa nuru mpaka mwaka 2000, kwa darubini ya Keck kule Hawaii, tena kama doa hafifu mno. Ni nyota ya nyutroni, yaani nyota iliyokufa ikafinyana, yenye usumaku wa kutisha, haina mke wala jirani. Kwa miaka mingi watu walimtafutia mwenza mtu ambaye hakuoa.

Lakini aliyenishika kabisa ni Geminga.

Tarehe 15 Novemba 1972 jukwaa lile lile la Ngomeni lilirusha setilaiti nyingine, SAS-2, hii ya kusikiliza miale ya gama, ambayo ni kali kuliko eksirei. Haikuishi sana, umeme wake uliharibika Juni 1973. Katika miezi hiyo michache ilikuwa imepokea miale kutoka upande wa kundinyota la Mapacha, mahali ambapo hapakuwa na wingu, wala mabaki ya mlipuko, wala kelele ya redio. Setilaiti ya Ulaya, COS-B, ikathibitisha: kitu kipo, ni miongoni mwa vinavyong'aa sana angani kwa gama. Kisanduku chake cha shaka kilikuwa kikubwa kuliko mwezi.

Giovanni Bignami wa Milan alikipa jina. Geminga linasikika kama mkato wa maneno ya Mapacha na gama, na kwa lahaja ya Milan, ukilitamka kwa mtu wa sokoni, "gh'è minga" ni: hakipo. Malindi, ambako vijana wa ufukweni wanabishana bei kwa Kiitaliano ambacho hawakukisomea popote, utani huo unahitaji tafsiri ya neno moja tu. Hamna.

Bignami na Patrizia Caraveo waliitafuta "hamna" hiyo kwa miaka ishirini. Njia waliyopita ndiyo iliyonifanya nilitoe lile bahasha la picha ya kifua changu juu ya kabati. Kwanza walikwenda kwenye eksirei. Darubini ya Einstein, ya kwanza kupiga picha halisi za eksirei za vyanzo vya mbali, ilitazama ndani ya kisanduku kikubwa cha gama. Matokeo yake yalitolewa mwaka 1983: kati ya vyanzo vya eksirei vilivyokuwemo, kimoja kilitofautiana na wenzake kwa sababu hakikuwa na nyota yoyote ya maana mahali pake. Hebu fikiria mantiki hiyo. Walikuwa wakimtafuta asiyeonekana, wakamchagua mshukiwa kwa kuwa naye haonekani. Hakimu angewafukuza.

Kisanduku sasa kilikuwa kidogo sana. Wakaelekeza darubini kubwa za Hawaii na Chile, wakapiga picha ndefu. Na hapo ikaja tabu ambayo asiyeitafuta nyota haijui. Ukitazama kwa kina cha kutosha, giza huisha. Kila kisanduku, hata kidogo vipi, ukikichimba usiku kucha kitatoa kitu: nyota ya nyuma, galaksi ya mbali isiyohusika. Walipata nukta tatu, wakaziita G, G yenye mkato mmoja, na G yenye mikato miwili. Watatu mlangoni, na wote wanasema "Mimi." Wa tatu ndiye aliyekuwa hafifu kuliko wote na buluu kuliko wote, na kwa sababu hiyo ndiye waliyemtilia shaka zaidi.

Majibu yalikuja mawili, karibu kwa pamoja. Mwaka 1992 Jules Halpern na Stephen Holt, wakipitia eksirei zilizopokewa na setilaiti ya ROSAT, walikuta mapigo: moja kila sekunde 0.237. Geminga ni nyota ya nyutroni, inajizungusha zaidi ya mara nne kwa sekunde. Mara tu kipindi kilipojulikana, watu walirudi kwenye kumbukumbu za zamani za gama, wakazipanga upya kwa hesabu hiyo. Mapigo yalikuwemo kwa COS-B. Yalikuwemo hata kwa SAS-2. Katika ile miezi michache ya mwaka 1972 na 1973, setilaiti iliyoondoka Ngomeni ilikuwa imeandika jina lenyewe, herufi kwa herufi. Mtu nje alikuwa ametaja jina lake siku ya kwanza kabisa. Tuliokuwa ndani hatukujua kwamba lile lilikuwa jina.

Jibu la pili lilikuwa la picha. Bignami, Caraveo na Sandro Mereghetti waliweka pamoja picha za mwaka 1984, 1987 na 1992. Nyota ya nyutroni iliyo karibu hukimbia, kwa sababu mlipuko ulioizaa huwa umeipiga teke. Kama yule G wa tatu ndiye, lazima awe amesogea. Alikuwa amesogea. Kwa miaka minane alikuwa amehama kiasi cha upana wa sarafu ya shilingi moja ya Kenya ukiitazama kutoka kilomita tatu na nusu. Wale wengine wawili hawakutikisika.

Siku hizi wanaofanya kazi hii hawakai na chanzo kimoja kwa miaka ishirini. Ule ukungu wa 1962 usio na mwenyewe umekuja kupasuliwa vipande na setilaiti ya Chandra, iliyorushwa mwaka 1999: ilikodolea kipande kimoja cha mbingu ya kusini, kidogo kuliko mwezi mpevu, kwa muda ambao ukijumlishwa ni wiki kumi na moja na nusu, ikapata vyanzo zaidi ya elfu moja. Vingi ni mashimo meusi makubwa ndani ya galaksi za mbali. Baadhi havikuonekana hata kwa darubini ya Hubble. Mwaka 2004 saba kati ya hivyo vilionekana kwanza kwa darubini ya Spitzer, iliyokuwa ikitazama joto badala ya nuru. Huenda vumbi limevifunga kama buibui, na eksirei hupenya vumbi kama zilivyopenya shati na ngozi yangu. Na mwaka 2024 ikatoka orodha ya kwanza ya darubini ya eksirei ya eROSITA, yenye vyanzo karibu 900,000 kwa nusu ya mbingu. Hapo hakuna muda wa kuuliza kila mmoja "Mimi nani?" Kompyuta hupima umbali wa kila nyota kutoka katikati ya kisanduku, hupima rangi yake, kisha huandika uwezekano: huyu asilimia kadhaa, yule kadhaa. Ni kazi ya maana na siidharau. Ila bibi asingefungua mlango kwa asilimia.

Miezi mitatu ilipotimia nilirudi na bahasha langu. Vua shati, vuta pumzi, achia. Daktari alizichomeka filamu mbili pamoja kwenye kisanduku cha taa, ya zamani kushoto, mpya kulia. Akachukua rula ya plastiki. Akapima kutoka ubavuni hadi kwenye choroko, kisha akapima upande wa pili. Akaizungusha rula, akapima tena. Mimi nilikuwa nikiitazama kalamu yake.

"Palepale," alisema. "Na ukubwa ule ule. Hili ni kovu, la zamani. Uliwahi kuugua kifua utotoni?"

Sikuwa na kumbukumbu. Jioni nikampigia mama simu. Alikaa kimya kwa muda, nikasikia sufuria ikiwekwa chini, kisha akaanza kuhesabu. Kulikuwa na kifaduro, mwaka ule mvua ya masika iliponyesha mpaka Juni. Kulikuwa na ile homa ya mapafu, lakini hakumbuki vizuri kama alikuwa mimi au dadangu. Na kulikuwa na wakati tuliishi kwa bibi, na bibi alikuwa akikohoa usiku, na mimi nililala naye mkeka mmoja.

Nimeyaandika yote matatu kwa kalamu ya risasi nyuma ya bahasha, moja chini ya jingine. Karibu na la tatu nimeweka mikato miwili.